Picha za simu: labu, riboni, wino ama leza, na kitabu gani kinakufaa ukiwa Nairobi

Watu wengi wakitaka kuprinti picha swali la kwanza ni bei, la pili ni glosi (inayong'aa) ama mati (isiyong'aa), na mimi nasema hayo mawili yaje mwisho kabisa. Hapa Nairobi unaweza kutoka tao na picha mbili za saizi moja, zote zinang'aa, zote zimekatwa vizuri, ukaziweka kwa fremu ukuta mmoja, na moja ikae miaka na miaka vile ilivyo huku ingine inageuka rangi kabla huyo mtoto aliye kwenye picha hajaanza shule. Kinachozitofautisha ni mashine iliyozitoa. Kwa hivyo ukifika kaunta uliza hivi: hii mnaprinti na mashine gani? Anayejua kazi yake atakujibu bila kusita na pengine atakupeleka uione. Anayekuambia "ni ya kawaida tu boss, iko poa" bado hajakujibu.

Ziko za aina nne na nitazipitia moja moja, ila sitazipa nafasi sawa kwa sababu hazistahili nafasi sawa.

Ya kwanza ni ile ya studio zenye labu, ambayo haitumii wino hata tone. Karatasi yenyewe iko na kemikali inayoshika mwanga, mashine inaipiga mwanga mwekundu, kijani na bluu kufuata picha yako, alafu karatasi inapita kwa dawa, inaoshwa, inakaushwa, na baada ya dakika chache inateremka ikiwa bado ina joto. Noritsu na Fujifilm Frontier ndio majina utayaona yameandikwa kwa hizo mashine, na ukigeuza picha nyuma mara nyingi utakuta jina la karatasi kwa maandishi hafifu, kwa mfano Fujifilm Crystal Archive. Rangi zinaundika ndani ya karatasi, ndio maana uso wa mtu unatoka laini, shavu linaingia kwenye kivuli polepole bila madoa. Kwa picha za familia za inchi 4x6, 5x7 na 8x10 mimi sijaona cha kuishinda kwa pesa unayotoa, na 4x6 bado ni ya makumi ya shilingi tu, hasa ukipeleka nyingi mara moja. Shida zake ni mbili. Mashine nyingi za labu zinaishia upana wa inchi 12, kwa hivyo picha kubwa ya ukutani haitoki hapo. Alafu labu inataka kazi ya kutosha kila siku ndio dawa ikae sawa, kwa sababu dawa ikichoka mahali peupe panaingia manjano ama waridi, na hiyo utaijua haraka ukiangalia gauni la bibi harusi ama shati la shule kwenye sampuli zao. Kama nyeupe ni nyeupe kweli, toa flashi diski yako.

Ya pili ni ya riboni, ile ndogo inayobebwa mpaka kwa graduesheni na harusi, unapigwa picha na kabla hujatafuta kiti umeshapewa. Inapaka rangi moja baada ya ingine kutoka kwa riboni kisha inafunika na utando mwembamba wa plastiki, kwa hivyo haiogopi maji wala haihitaji kukaushwa. Kwa pasipoti na picha za papo hapo iko sawa kabisa. Kwa picha mia mbili za albamu utalipa zaidi bila sababu.

Ya tatu ni printa ya wino na hizi ndizo zimejaa, kuanzia saiba ya mtaani mpaka studio ndogo za River Road. Siwezi kuzidharau, maana Epson ya tanki yenye rangi 6 ikiwekewa wino halisi wa kampuni na karatasi nzuri ya picha yenye uzito wa gramu 230 kwa mita mraba kwenda juu inaweza kutoa kitu kitamu sana. Balaa ni kwamba mteja hawezi kuona kwa macho ni wino gani umo ndani ya tanki, na ule wa chupa isiyo na jina unapendwa sana na wafanyabiashara kwa sababu ya bei. Huo jua la dirishani linaula, rangi moja inatangulia kupotea na zilizobaki zinavuta uso wote upande wao. Fanya hivi: lowesha kidole, sugua kona ya picha yao ya mfano. Wino ukitoka, hiyo picha haifai kukaa kwa nyumba yenye watoto na chai.

Ya nne ni leza, yaani zile mashine kubwa za rangi zinazotoa kadi za mwaliko, programu za harusi na vijitabu vya eulogi vya mazishi. Tona ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto juu ya karatasi. Ni haraka, bei ni nafuu, na kwa kitu chenye maandishi mengi na picha ndogo ndogo inafanya kazi safi, eulogi nzuri ya Nairobi ni kazi ya kuheshimika kabisa. Lakini kwa uso mmoja uliojaza ukurasa mzima, hapana. Na mtu akikuuzia 4x6 ya leza kwa bei ya labu, amekuuzia fotokopi.

Sasa utajuaje kama huyo wa kaunta hasemi ukweli? Chukua simu yako, fungua kamera, weka zumu ya karibu sana kwenye shavu la mtu kwenye sampuli. Leza itakuonyesha vidoti vya rangi nne vilivyopangwa kwa mpangilio unaojirudia, kama vile ukitazama karibu picha ya gazeti. Printa ya wino itakuonyesha chembe ndogo sana zilizotawanyika, hasa pale kwenye rangi hafifu. Picha ya labu haina vidoti, utaona tu rangi inayoyeyuka kwenda kwa ingine. Ni jaribio la sekunde chache na hakuna fundi mwenye kazi safi atakayekukasirikia.

Hata mashine iwe nzuri aje, faili mbovu itatoka mbovu, na hapa Nairobi faili zinaharibikia WhatsApp. Picha unayotumiwa kwa njia ya kawaida pale inabanwa, ile pande ndefu inabaki kama pikseli 1600 hivi. Hesabu yake si ngumu: printi nzuri inataka pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hivyo 4x6 inataka 1200 kwa 1800, 5x7 inataka 1500 kwa 2100, na 8x10 inataka 2400 kwa 3000. Hiyo ya WhatsApp itakubali 4x6 bila watu kugundua, lakini ukiipeleka A4 utaona nyusi zimekuwa ukungu, na hakuna studio itakayozirudisha. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD na kinasaidia kiasi, ila njia ya uhakika ni kutuma picha kama dokumenti, ama kuiweka kwa Google Drive, ama kubeba flashi. Ile uliyopiga skrinishoti kutoka status ya mtu achana nayo, mwombe mwenyewe akutumie ya asili, atakutumia tu. Wenye iPhone pia wajue picha zao nyingi zinasevu kwa mtindo wa HEIC ambao kompyuta zingine za studio hazifungui, kwa hivyo zigeuze ziwe JPEG kabla hujapanda matatu.

Kitu kingine cha simu ni umbo. Kamera ya simu inapiga 4 kwa 3 na karatasi ya 4x6 ni 3 kwa 2, hazilingani, kwa hivyo mashine ikijaza karatasi inakata sehemu moja kati ya tisa za picha, juu na chini kama ulipiga ukiwa umelaza simu. Kwa picha ya shosho amekaa peke yake si kitu, ila kwa ile ya familia nzima waliosimama mistari mitatu, wa nyuma wanapoteza vichwa na watoto waliochuchumaa mbele wanapoteza miguu. Kata mwenyewe kwa simu kabla ya kupeleka, ama uwaambie waache mpaka mweupe pembeni.

Alafu kuna hili la ngozi, na hili linaniuma. Kodak kuanzia miaka ya 1950 walikuwa wanatumia labu kadi yenye mwanamke mzungu, iliitwa kadi ya Shirley, fundi akiitumia kupimia kama rangi ya ngozi imetoka sawa, na ilifika miaka ya 1990 ndio zikaja kadi zenye watu wa rangi tofauti tofauti. Leo kadi hizo hatuzioni lakini tabia ilibaki, sasa iko ndani ya marekebisho ya otomatiki ya mashine na kwenye mkono wa kijana wa kompyuta anayedhani kumng'arisha mtu ni kumfanyia wema. Nimeona picha za ruracio, yaani sherehe ya mahari, za shangazi yangu zilizotoka kwa duka moja tao, shangazi ambaye weusi wake ndio uzuri wake ametoka kijivu, na leso yake nyekundu imekuwa waridi, na duka likasema si ndio mnapenda. Hatupendi. Kwa hivyo sema mapema, kwa mdomo na kwa maandishi kwenye oda: msiguse ngozi, zimeni otomatiki. Kisha lipia kwanza printi moja ya majaribio, uchague picha yenye mtu mweusi zaidi na mtu mweupe zaidi wa familia wakiwa pamoja, na shati jeupe mahali hapo. Hiyo moja ikitoka sawa zingine zitafuata. Pia ujue skrini ya simu inawaka na karatasi haiwaki, kwa hivyo picha iliyo na giza kidogo kwa simu itakuwa na giza zaidi kwa karatasi. Teremsha mwangaza wa skrini mpaka nusu, kama hapo bado unaona macho vizuri basi printi, kama huoni ongeza mwangaza wa picha kidogo kwanza.

Tukija kwa vitabu, hapa ndio watu wanachanganyikiwa kwa sababu duka moja linakuambia elfu chache na lingine linakutajia mara kadhaa ya hiyo, na vyote viwili vinaitwa kitabu cha picha. Si kitu kimoja.

Kile cha bei ya chini ni kitabu cha leza, kurasa za karatasi laini ya majarida ya gramu 150 mpaka 200, ile mafundi wanaita art paper, kava ngumu yenye laminesheni, na kurasa zimeshikwa na gundi mgongoni. Kile cha bei ya juu kurasa zake ni picha za labu zenyewe, kila moja imekunjwa katikati na kugandishwa mgongo kwa mgongo na inayofuata, kwa hivyo kila ukurasa ni mnene kama kadi na kitabu kikifunguliwa kinalala bapa kabisa. Ndio kile wapiga picha wa harusi wanaweka kwa pakeji pamoja na maunti ya ukutani, yaani picha kubwa iliyobandikwa kwa ubao.

Tofauti utaisikia kwa mikono. Chukua kitabu cha gundi, kifungue katikati, kibonyeze kwa kiganja. Kinapinga. Picha iliyotandazwa kurasa mbili imemezwa pale kwenye mgongo, na kama bibi na bwana harusi walisimama katikati basi ndio hao wamemezwa. Ukibonyeza zaidi gundi ya rahisi inalia, na siku moja ukurasa unachomoka na kufuatwa na wenzake. Ukiona pia mstari mweupe mahali karatasi imekunjwa, hiyo ni tona imepasuka. Cha kurasa nene hakina hizo shida zote, kundi la watu 40 nje ya kanisa linakaa kurasa mbili na kila mtu anaonekana. Lakini ni kizito, karatasi 20 tu zinakupa kurasa 40 na kitabu tayari kimenenepa, na ukitaka nakala ya pili unalipa karibu upya.

Na hiyo nakala ya pili ndiyo inaniamulia mimi. Harusi ni kitabu kimoja kinachokaa sebuleni kwa wenyewe, hapo toa pesa ununue cha kurasa nene, usijaribu kuokoa. Ila kitabu cha mwaka wa kwanza wa mtoto, ama cha maisha ya guka na shosho, ama cha safari ya familia kwenda ushago, hicho kinatakiwa na watu wengi: ndugu watano kila mmoja anataka chake, na shangazi aliye ng'ambo pia. Hapo kitabu cha leza kinashinda wazi, kwa sababu kupanga kurasa unalipia mara moja na nakala zinateremka bei. Unakiboresha kwa mambo mawili tu: omba kurasa zishonwe kwa uzi kabla ya gundi, na ukipata duka lenye mashine ya HP Indigo, ambayo inatumia wino wa majimaji badala ya unga, nenda huko hata kama ni mpaka Industrial Area, ngozi zinatoka laini zaidi.

Kupanga unaweza kupanga mwenyewe. Canva inatosha, ukichagua saizi ya kitabu mwanzoni (muulize mchapishaji kwanza, usikisie), ukasevu PDF ya kuprinti yenye ziada ya milimita 3 kila upande ndio kisu kikikata kisiache mstari mweupe. Nyuso ziweke mbali na mgongo angalau sentimita moja na nusu kama kitabu ni cha gundi. Usijaze picha tisa kila ukurasa, moja kubwa na mbili ndogo zinapumua. Na uandike majina. Nasisitiza hili kuliko yote ya kupanga: andika nani ni nani, wapi, mwaka gani, kwa sababu sahii unaona kila mtu anamjua huyo mzee mwenye kofia na miaka kumi ijayo hakuna atakayemjua.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaidharau, albamu ya mifuko. Unaprinti 4x6 kwa labu, unanunua albamu yenye mifuko ya plastiki, unapanga mwenyewe. Kwa familia isiyotaka kutoa maelfu kwa mpigo hii naiweka juu ya kitabu kibaya cha leza bila kufikiria mara mbili, picha ni bora zaidi, unaongeza kila mwezi kidogo kidogo, na moja ikiharibika unabadilisha hiyo moja. Majina yaandike nyuma kwa marka nyembamba ya kudumu, uiache ikauke kwanza kabla ya kupanga moja juu ya ingine. Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki ya kufunua usizinunue, baada ya miaka gundi inashika picha na ukiivuta inachanika. Na usiweke albamu kwa sakafu ama ukuta unaovuta maji msimu wa mvua ya Aprili, unyevu ndio unagandisha picha za glosi. Kwa sababu hiyo hiyo picha ya fremu isiguse kioo.

Kuagiza kutoka nje nitasema kidogo. Kazi ya kampuni za Ulaya na Marekani ni nzuri na programu zao za kupanga ni rahisi, lakini juu ya bei unaweka usafiri, VAT ya asilimia 16, ushuru wa forodha, na wiki za kusubiri, na kosa likitokea kwa jina la mtu ni nani utampigia? Kama una ndugu huko anayekuja likizo, sawa, kitumwe kwake. Vinginevyo hapa hapa kuna watu wanaoweza.

Za ukutani kubwa, maunti za A2 na kanvasi, hizo zinatoka kwa printa pana za wino, na kuna maduka yanatumia mashine ile ile ya mabango ya barabarani. Ukiingia uisikie harufu kali ya wino kwenye kanvasi mpya, hiyo ni ya mabango, itaonekana sawa ukiwa mbali ila ukisogea karibu nyuso zina chembe. Omba wino wa pigimenti, ule wa chembe za rangi usiopauka haraka, na picha yenyewe iwe faili ya asili.

Kabla hujatuma pesa kwa till namba, hakikisha umeona kitabu kizima kwa PDF ama printi ya majaribio na umekubali kwa ujumbe, si kwa simu, ili kukiwa na ukurasa umegeuzwa kuwe na pa kurejelea. Lipa nusu, nusu ukishika kitabu. Waambie pia kama hutaki picha zako zitumike kwa matangazo yao, maana maduka yanapenda kuposti kazi, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 iko upande wako, hata 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga faini shule na kilabu kwa kutumia picha za watu bila ruhusa. Na kama kitabu ni cha Krismasi peleka kazi Oktoba ama mwanzoni mwa Novemba, kwa sababu ikifika Desemba mashine zote za tao ziko kwa kalenda, kadi na programu za harusi, na kitabu chako kitashonwa usiku na mtu aliyechoka.